Kinyakyusa changu kimeniponza, kwa uzuri

Mwaka mzima kazini hapa Tukuyu nilikificha Kinyakyusa changu. Vikaoni nilikuwa mtu wa "kama alivyosema bosi", shati limenyooka, hoja hamna.

Juzi mzee mmoja akaja anafoka, kreti zake za parachichi zimekataliwa. Nikapasua tunda moja mbele yake, nikamweleza kwa lugha ya nyumbani: Hass, aina hii ya parachichi, hailainiki ikiwa mtini, jicho linadanganya, ndiyo maana tunapima ukavu wa nyama yake kabla ya kuchuma. Na hizi zimeng'oka vikonyo, zitaoza njiani.

Akanyamaza. Kisha: "Mwanangu, wewe wa ukoo gani?"

Kumbe meneja yuko mlangoni. Jumatatu naanza kusimamia mafunzo ya wakulima. Mshahara? Jamani, hapo bado tunaongea.