Mtoto Hajambo? Tafakari ya Juma Hili, 2 Wafalme 4:18–37

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili naomba tusome pamoja habari za mwanamke wa Shunemu na mwanawe wa pekee. Sikulipata somo hili katika kalenda ya kanisa. Jumatano ijayo, Mungu akipenda, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka minne atafanyiwa upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapa Dar es Salaam, na tangu siku tulipopewa tarehe nimekuwa nikiisoma sura hii kila usiku baada ya wote nyumbani kulala.

Wengi wenu mnamfahamu. Ni yule ambaye wenzake wa shule ya Jumapili wakikimbia, yeye hukimbia hatua chache, kisha huchuchumaa chini huku midomo na kucha zake zikigeuka rangi ya bluu. Kwa muda mrefu tulidhani ni mchezo wake, mpaka daktari alipotueleza kwamba kwa kuchuchumaa hivyo mtoto husaidia damu nyingi zaidi ipite kwenye mapafu, na kwamba mwili wake ulikuwa umejifundisha wenyewe jambo ambalo sisi wakubwa hatukulijua. Akatuchorea moyo kwenye karatasi: kuna tundu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini, njia ya damu iendayo mapafuni imebanwa, mshipa mkubwa wa damu umekaa juu ya lile tundu badala ya kukaa upande wake, na msuli wa upande wa kulia umekuwa mnene kwa sababu ya kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Kasoro hizi nne kwa pamoja huitwa kwa jina la Fallot, daktari wa Ufaransa aliyezieleza mwaka 1888. Karibu mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, kubwa au ndogo. Nayasema haya kwa urefu ili mama yake asiulizwe tena alikula nini au alimkosea nani alipokuwa mjamzito, kwa maana swali la namna hiyo Bwana Yesu alikwisha kulijibu katika Yohana 9.

Sasa tumtazame yule mama wa Shunemu. Mtoto wake amekufa mapajani pake saa ya adhuhuri. Amempandisha juu, amemlaza kitandani pa mtu wa Mungu, nabii Elisha, amemfungia mlango, naye yuko njiani juu ya punda kuelekea mlima Karmeli. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anatumwa kumlaki na kumwuliza kama yeye, mume wake na mtoto hawajambo, naye anajibu kwa neno moja: “Hawajambo.” Sisi tunaosema Kiswahili tunalisikia neno hilo kwa uzito wake, kwa kuwa asiye na jambo ndiye hajambo, na mama huyu alikuwa amebeba jambo lililo kubwa kuliko yote. Wako wanaosema kwamba alijibu hivyo kwa imani. Huenda ni kweli. Mimi, baada ya kumsikia binti yangu akijibu “hajambo” mlangoni pa kanisa, sokoni na kwenye daladala, kisha akifika nyumbani na kuketi jikoni bila kuwasha taa, nadhani pia kwamba mama yule alikuwa akiyahifadhi machozi yake kwa ajili ya mahali pa kuyamwaga. Alipofika kwa Elisha aliishika miguu yake. Gehazi alitaka kumwondoa, lakini mtu wa Mungu alikataa, akasema aachwe kwa kuwa roho yake ina uchungu. Hakumkemea kwa kukosa imani.

Nasisitiza hilo kwa sababu tumeambiwa, tena na mtu anayetupenda, kwamba kumpeleka mtoto kwenye kisu ni kumwonyesha Mungu kwamba hatumwamini. Sikuweza kumjibu siku ile. Leo najibu kwamba baba wa mtoto huyu aliisoma fomu ya ridhaa mara tatu, pamoja na ile sehemu inayotaja uwezekano wa kifo, akapiga magoti, kisha akatia sahihi, na sijapata kuona katika nyumba yangu tendo la imani lililo zito kuliko lile.

Maandalizi yenyewe ni mengi na ni ya mambo madogo. Meno ya mtoto yamekaguliwa, kwa sababu vijidudu vya jino bovu huweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo. Akipata mafua au homa, tarehe itasogezwa mbele, na ndiyo sababu hamjamwona kanisani kwa majuma mawili. Mama yake amekuwa akimzoesha kwa mwanasesere aliyefungwa bandeji kifuani, ili atakapoamka katika chumba cha uangalizi maalumu akiwa na mirija asidhani kwamba ametupwa.

Elisha kwanza alimtuma Gehazi atangulie na fimbo yake, akaiweka juu ya uso wa mtoto, wala hapakuwa na sauti wala majibu. Ndipo akaja mwenyewe, akajilaza juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, hata mwili wa mtoto ukaanza kupata moto. Daktari alipotueleza kwamba moyo wa mjukuu wangu utasimamishwa kwa dawa, kwamba mashine itafanya kazi ya moyo na mapafu huku mwili ukipozwa, na kwamba kazi ikiisha damu itapashwa moto kidogo kidogo mpaka moyo udunde tena, niliukumbuka mstari huo wa 34.

Kabla ya mashine hizo kuenea, daktari Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza mwaka 1954 kumlaza mtu mzima kando ya mtoto na kuiunganisha mishipa yao, ili moyo na mapafu ya mkubwa yatumike kwa wote wawili. Mtoto wa kwanza aliunganishwa na baba yake. Tundu la moyo lilizibwa, lakini alifariki siku chache baadaye kwa nimonia. Agosti mwaka uleule alifika mvulana mwenye ugonjwa huu huu wa mjukuu wangu, na damu ya wazazi wake haikulingana na yake. Aliyekubali kulala kando yake hakuwa ndugu yake. Mvulana yule alipona. Ninamfikiria sana mtu huyo asiye ndugu.

Ndugu zangu, ujumbe wenu wa simu tumeupokea, nao umetutia nguvu, lakini upasuaji huu unahitaji damu, na damu haitumwi kwa simu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa nje ya lango la kanisa pamoja na watakaokwenda kuchangia. Kundi lolote la damu linapokelewa, ilimradi mtu awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema.

Elisha alipoingia chumbani alifunga mlango, akabaki yeye na mtoto. Maandiko hayasemi mama alifanya nini nje ya mlango ule, kama aliketi au alisimama, wala kama alisikia hatua za nabii aliyekuwa akitembea huku na huku ndani ya nyumba. Sisi tutakuwa mahali pake Jumatano, kwa saa nyingi. Tuombeeni sisi tulio nje, na muwaombee kwa majina ya kazi zao walio ndani: mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, anayeiendesha mashine, na wauguzi watakaokesha.

Mama yake ameambiwa kwamba ataruhusiwa kumbeba mpaka mlangoni. Mtoto mwenyewe ameuliza jambo moja tu, kama viatu vyake vipya ataingia navyo au vitabaki. Tumemwambia kwamba vitabaki kwa mama.