Mto chini ya goti

Siku ya pili baada ya kutoka hospitali, mama alitafuta mto laini kuliko yote nyumbani akauweka chini ya goti langu la kushoto. Chini ya goti hilo palikuwa pamebaki kigutu tu, urefu wa shibiri moja, kimefungwa bandeji. Niliona raha kweli. Nikalala hivyo siku tisa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja, kabla hata ya kukaa aliuvuta ule mto akauweka kando. "Goti likizoea kukunjwa, misuli ya nyuma inafupika," akasema. "Ikishafupika, goti halinyooki. Na goti lisiponyooka, mguu wa bandia utausimamisha wapi?" Mama alitoka nje kulia. Mimi nikabaki nimemnunia yule dada, kana kwamba yeye ndiye aliyetega bomu.

Kuhusu bomu sina mengi. Lilikuwa limefukiwa ardhini, kwenye njia ambayo jana yake tulipita bila tatizo. Mwenzangu alinikaza mkanda wa kuzuia damu mapajani, na kwa sababu hiyo ninaandika haya. Mengine nimeyaeleza mara nyingi mno kwa watu wanaopenda hadithi za vita.

Nyumbani wageni hawakukatika. Wanaingia, wanasema pole, wanakitazama kigutu, wanatazama sakafu, wanaondoka. Nilikuwa nimezungukwa na watu wenye nia njema wasiojua wafanye nini, na mimi nilikuwa siwaambii. Jeshini tunafunzwa kupokea amri na kutoa amri. Somo la kuomba halimo. Aliyenifungua mdomo ni jirani yetu, mwalimu mstaafu. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, pole nimeshakupa mara tatu. Leo nipe kazi."

Nikampa ya bandeji. Watu hudhani kidonda kikishapona kigutu kiko tayari. Sivyo. Kinavimba, na kisipobanwa kinabaki kama kichwa cha rungu ambacho hakiingii kwenye mguu wa bandia. Bandeji ya kunyumbuka inazungushwa kwa mshazari, kwa umbo la nane, inabana zaidi kwenye ncha na kulegea kadiri inavyopanda. Ukiizungusha duara kama unafunga mzigo, unaikaba damu. Halafu inalegea, kwa hiyo unaifunga upya mara kadhaa kwa siku. Mama mikono ilimtetemeka. Mwalimu alikuwa na mkono mzuri, lakini aliyewashinda wote ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyeona mara moja tu akashika. Basi wakapangiana zamu bila kuniuliza. Nilichukia kidogo, kisha nikazoea.

Mwalimu pia ndiye aliyekuwa akinilaza kifudifudi ili nyonga na goti vinyooke. Anakaa pembeni na saa yake ya mkononi, dakika ishirini, na hakuna kujadiliana. Nimewahi kuwa chini ya makamanda wakali, lakini wale ulikuwa unaweza kuwadanganya.

Usiku ndio ulionishinda. Mguu usiokuwepo uliuma. Vidole ambavyo sina vilijikunja hadi nikahisi kucha zinaingia kwenye nyayo. Nilificha jambo hili kwa wiki kadhaa, nikidhani akili imeniruka, mpaka sajini mmoja mstaafu, aliyekatwa mguu miaka mingi nyuma, alipokuja akaniuliza waziwazi, "Wa kwako unaunguza au unakunjika?" Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu niumie. Baadaye nikaja kujua kwamba Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa majeshi ya Ufaransa katika karne ya 16, alikwisha kuandika kuhusu askari waliolalamikia maumivu ya viungo walivyokatwa. Ubongo bado una ramani ya mguu mzima, na ramani haichomeki kwa bomu.

Sajini alinielekeza kwenye zoezi la kioo. Unakiweka kati ya miguu ili taswira ya mguu mzima ikae pale ulipokuwa ule mwingine, halafu unakunja na kukunjua vidole polepole huku ukitazama. Mtafiti V. S. Ramachandran ndiye aliyelianzisha katika miaka ya 1990. Mimi nililiona kama kiinimacho, na wapo ambao haliwasaidii kabisa. Kwangu, baada ya siku nyingi, vidole vilianza kukunjuka. Maumivu hayakwisha ila yalipungua kiasi cha kunipa usingizi.

Seremala wa mtaani alinitengenezea vyuma viwili sambamba vya kushikilia uani. Alivipima kwa mwili wangu mwenyewe: nisimame, mikono ilegee, viwiko vikunjike kidogo. Pale ndipo nilipojifunza kuweka uzito kwenye mguu wa bandia bila kudanganya kwa kuegemea upande mzima.

Nilipopata mguu nikajiona nimemaliza, na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa. Niliambiwa nianze kwa muda mfupi, nivue, nitazame ngozi. Wekundu usiofifia baada ya dakika kumi ni onyo. Nilikwenda kwenye harusi nikauvaa tangu asubuhi mpaka usiku, kwa sababu nilitaka waone. Walioniona walishangilia. Kesho yake kigutu kilikuwa kimechubuka, na nikakaa wiki tatu bila mguu. Siku zile nilimfokea mtoto wa jirani aliyeniletea magongo, kosa lake likiwa kuyaleta kabla sijayaomba. Nilimwomba radhi, naye akaniuliza kama mguu unaumwa na baridi.

Ilibidi pia nijifunze kuhesabu soksi zinazovalishwa kigutu. Katika mwaka wa kwanza kigutu huendelea kusinyaa, na soketi, ile sehemu ya mguu wa bandia kinamoingia kigutu, inaanza kucheza. Unaongeza soksi moja, mbili, na ikizidi unarudi kwa fundi wa viungo bandia. Hili hakuna jirani wa kukufanyia.

Jambo moja niliwaomba wote kwa pamoja, na liliniuma kulisema: kabla ya kupiga fataki au kupasua kitu kwa kishindo, mtu aje aniambie. Sikuwa nataka waache, nilitaka tu kujua. Mpaka leo vijana hunibishia hodi.

Sajini ndiye aliyetuletea voliboli ya kukaa. Uwanja wake ni mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume uko mita 1.15 tu. Mchezo huu umo kwenye Paralimpiki tangu 1980. Sheria kuu ni kwamba ukigusa mpira, makalio yawe chini. Tulikuwa wachache, kwa hiyo tukawaita majirani kujaza timu. Seremala alikuja na tambo nyingi. Kila mpira ukija anainuka, refa anapuliza. Akijaribu kusogea, miguu inamtangulia au inambana, huku mimi na sajini tunateleza kwa mikono na kufika kabla yake. Kwenye seti ya pili aliketi pembeni akihema, anaitazama ile miguu yake miwili mirefu, akauliza kama kuna mahali pa kuiweka.