Sindano ya kundi la Grant

Jana binti yangu alikua anatafuta sindano ashone kifungo cha yunifomu, mara namsikia, "Mama, hii mbona imeng'ang'ania mkasi?" Nikacheka mwenyewe. Kumbe bado ina sumaku, miaka yote hii.

Enzi zile nafundisha P.5, darasa la tano, kule Jinja, Uganda, somo la wazungu waliokuja kutafuta chanzo cha Nile. Nilichoka kuandika ubaoni Speke, 28 Julai 1862, Ripon Falls, watoto wananakili huku wanasinzia, na hayo maporomoko yenyewe huwezi hata kuwaonyesha, yalimezwa na maji lile bwawa la Owen Falls lilipojengwa 1954. Basi nikasema leo tunasafiri. Nikatia manila kwenye majani ya chai, nikaunguza kingo na kiberiti, ramani nne hizo. Makundi manne: Speke, Grant mzungu mwenzake, na Bombay na Mabruki, watu wa msafara wao. Wote wanataka kua Speke, si unajua watoto, mpaka nikawaambia bila Bombay mkalimani huyo Speke angeongea na nani njiani?

Dira tulitengeneza wenyewe. Spika mbovu ya redio, nikaigonga sumaku yake vipande vinne. Unasugua sindano kutoka tundu hadi ncha, upande mmoja tu bila kurudi nyuma, mara 50, halafu unailaza juu ya jani kwenye beseni la plastiki. Tukafunga mlango upepo usiingie. Darasa lile la makelele, siku hiyo nasikia hadi kuku wa nje. Jani likatulia. Halafu polepole, kama mtu anayegeuka usingizini, likazunguka lenyewe, na katoto kamoja ka mbele kakanong'ona, "Ticha, nani anasukuma?"

Nikajibu, "Dunia." Sijawahi kutoa jibu zuri vile tena.

Haya, kutoka kwenye mwembe, hatua 60 kaskazini, huko nimeficha kopo la kabalagala, zile keki ndogo za ndizi za kukaanga. Makundi matatu yakafika, na kabalagala ziliisha kabla sijakohoa. Kundi la Grant hakuna. Walikua wameshika kipande chao cha sumaku kichwa chini, sindano yao ikageuka, wakaenda hatua 60 kusini wakiamini kabisa, wakapenya ua wa michongoma mpaka shamba la jirani. Wamerudi baada ya nusu saa, sketi zimechanika, mapera kifuani, na mwenye shamba nyuma yao ana fimbo. "Ticha, sisi tumegundua mapera!"

Grant mwenyewe siku ile ya 1862 pia hakufika kwenye maporomoko, Speke alimpeleka njia nyingine. Nilijaribu kumweleza hivo hedimasta. Hakucheka.

Mwaka uliofuata dira niliichora ubaoni kwa chaki, haikupotea mtu. Na ile sindano sikuiwekea alama, kwa hiyo sijui niliyobaki nayo ni ya Bombay au ya Grant. Binti anasema tuiweke kwenye maji tuone. Nimemwambia ashone kifungo kwanza.