Gripu za Jirani

Watu wengi wakishika rivolva ya zamani wanaangalia mtutu, wanazungusha silinda, wanauliza bei. Mi nageuza mpini kwanza. Nimefundishwa na wazee wa huku Ohio, maana rivolva za shabaha za risasi ndogo ya .22 nyingi zimeshavuliwa gripu zake, yaani vile vibao viwili vya mpini: mtu ananunua K-22, rivolva ya .22 ya kampuni ya Smith & Wesson leo, wiki ijayo anafungua vile vibao vya kiwandani kwa vile ni vyembamba mno kwa mkono wa mashindano, anafunga mbao kubwa za kwake, za mwanzo zinaingia kwenye droo na ndo kwaheri.

Sasa kuna jamaa yangu wa Kisumu tulikuwa tunafanya naye kazi Columbus, akaniambia kuna bibi kule Port Clinton anauza vitu vya marehemu mumewe na kuna bastola ndani yake. Port Clinton jamani! Hapo jirani ndo Camp Perry, kwenye ufukwe wa ziwa Erie, wanashindana kulenga shabaha pale tangu 1907, kwa hiyo nilijua kabisa mzee wa pale hawezi kuwa na takataka. Nilikuwa nimeshapata uraia na leseni ya huku, ila nyie mlioko kwa viza ya shule hii habari isomeni tu.

Bibi akatuwekea kwenye meza ya jikoni pochi ya zipu. Ndani K-22 Masterpiece, mtutu wa inchi 6, namba inaanza na K, na nilipofungua silinda sikukuta neno MOD 17, namba ya modeli, pale kwenye fremu, yaani ni ya kabla ya 1957 walipoanza kuzipa bastola namba hizo. Skrubu zote tano za fremu zipo. Nikamulika tundu za silinda moja moja, kwa sababu risasi ya .22 haina fataki katikati, dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa kitako chake na pini inagonga pale pembeni, sasa mtu akizoea kufyatua tupu bila ganda pini inaweza kuuma chuma cha ukingo wa tundu. Zilikuwa safi. Mzee alijua anachofanya.

Ila mpini! Gogo la mti, limechongwa kwa kisu, lina kishubaka cha kidole gumba, limelainishwa na jasho la mkono mpaka linang'aa. Nikamuuliza, bibi, za kwanza ziko wapi? Akasema huyu bwana hakuwahi kutupa hata msumari, akaenda gereji akarudi na kopo la kahawa limejaa skrubu, na humo chini gripu mbili za walnati, zimechorwa vile vimstari vya kukatizana, na kile kialmasi kuzunguka tundu la skrubu ambacho kiwanda kiliacha kukiweka 1968. Moyo ukaruka.

Nikageuza kibao cha kulia, namba ya bastola huwa inagongwa kwa ndani. K ilikuwepo, tarakimu zilizofuata sizo kabisa. Nikavijaribu kwenye fremu, ukipitisha kucha pale mbao inapokutana na chuma inakwama, wakati kiwandani walikuwa wanasugua mbao na fremu yake pamoja mpaka husikii kitu.

Bibi akacheka. Akasema mumewe na jirani yao walinunua bastola za aina moja, wakawa wanazifungua pamoja kwenye meza hiihii wakinywa bia, usiniulize walirudisha nini wapi. Jirani naye ameshafariki, ila mtoto wake yuko Toledo. Akampigia hapohapo. Yule kijana akaenda kutoa ya baba yake, akafungua gripu, akanisomea namba pole pole kwenye simu huku mi naifuata kwa kidole chini ya mpini. Ilikuwa yenyewe, mpaka ya mwisho!

Nikalipia bastola bila hata kuomba punguzo, jamaa yangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Wiki ile ile tukaenda Toledo. Kijana akasema hataki hela, tubadilishane tu, ila lile gogo la mzee nimpe na lenyewe, kwa sababu aliyelichonga ni baba yake, alikuwa anapima mkono wa rafiki yake kila jioni na yeye akiwa mdogo anafagia maranda. Nikampa. Za kwangu zikakaa, kucha haikwami popote. Njiani kurudi jamaa yangu hakunyamaza mpaka Columbus, eti nimetoa gogo bure, wakusanyaji wa vitu vya Camp Perry wangelinunua, na petroli ya safari mbili kalipa nani? Kalipa yeye, kweli, ile ya Toledo.