Sebule ya Rangi Iliyokoza: Chagua Saa Kabla ya Kuchagua Rangi

Sebule yangu nimeipaka nili iliyokoza sana, na karibu kila anayeingia kwa mara ya kwanza huniuliza iwapo rangi hiyo haikifanyi chumba kionekane kidogo. Mimi naona swali la kutangulizwa ni jingine: sebule hutumika saa ngapi? Anayekaa humo asubuhi hadi alasiri, akisoma au kushona kwa mwanga wa dirishani, anahitaji kuta zinazoutawanya mwanga huo mpaka pembeni, na kwake rangi nyepesi ina haki yake. Anayeifungua sebule jioni tu, baada ya kazi, hana mwanga wa jua wa kuupoteza. Kwake kuta zilizokoza ni neema, kwa sababu chumba kitatawaliwa na taa, na taa anaziweka mwenyewe anapotaka.

Kwenye kadi nyingi za sampuli huandikwa kiwango cha mwanga unaoakisiwa na rangi, kuanzia 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Rangi nyeupe ya kawaida huwa juu ya 80, ilhali nili, kijivu cha makaa na kijani cha chupa aghalabu huwa chini ya 10. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mwanga haugongi ukuta mara moja ukaisha, bali huruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kwa hesabu ya chumba kilichofungwa ambacho kila upande wake unarudisha asilimia 80 ya mwanga, miruko hiyo yote ikijumlishwa hufikisha mwanga mara tano ya ule uliotoka kwenye balbu. Pande zikirudisha asilimia 10 tu, jumla haifiki hata mara moja na robo. Chumba halisi kina madirisha, zulia na makochi, kwa hiyo hesabu hiyo si ya kushikiliwa kwa ukali, lakini inaeleza kwa nini balbu moja ya katikati ya dari inayotosha katika sebule nyeupe huonekana kushindwa kabisa katika sebule ya nili.

Wengi hujaribu kulitatua hilo kwa kuweka balbu yenye nguvu zaidi palepale darini, na hapo ndipo chumba huharibika, kwa maana jicho hulazimika kuvumilia kitu kikali kilichozungukwa na giza. Dawa yake ni taa kadhaa ndogo zilizowekwa chini: moja mezani karibu na kochi, ikiwa kwenye usawa wa bega la aliyeketi, nyingine ya kusimama pembeni, nyingine ikimulika picha au rafu ya vitabu. Balbu za kelvini 2700 hadi 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga; kikiwa chini, mwanga huwa wa manjano zaidi) ndizo ninazozipendekeza. Zile za kelvini 4000 na kuendelea huifanya kijivu cha makaa ifanane na saruji ambayo bado inangoja kupakwa rangi. Boksi la balbu likiwa limeandikwa pia kipimo cha uaminifu wa rangi (CRI), tafuta balbu ya 90 au zaidi, kwa sababu rangi zilizokoza hutofautiana kwa mambo madogo sana ambayo balbu yenye kipimo cha chini huyameza.

Suala la saa lina upande mwingine, nao umo katika jicho lenyewe. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mcheki Jan Purkyně alieleza kwamba mwanga unapofifia, jicho hupoteza uwezo wa kuona wekundu mapema, huku buluu na kijani zikiendelea kuonekana. Ndiyo maana ukuta wa damu ya mzee, ambao mchana una uhai wote, hugeuka mweusi mtupu wakati wa magharibi kabla taa hazijawashwa, wakati ukuta wa nili au kijani saa hiyohiyo huonekana kana kwamba umepata kina zaidi. Mwenye mazoea ya kukaa gizagiza la jioni bila kuwasha taa achague nili au kijani. Damu ya mzee nayo naipenda mno, lakini ni rangi ya taa zilizowashwa. Chini ya balbu ya mwanga wa manjano sijaona inayoishinda.

Baada ya hapo ndipo lije suala la rangi ipi hasa, na hapa subira inahitajika, kwa kuwa kila rangi iliyokoza huficha nyingine ndani yake. Kijivu cha makaa kinaweza kuwa na buluu, kijani au hata zambarau, na hilo halijitokezi mpaka kikae kando ya kijivu kingine. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za hapo zilikuwa hafifu. Alipozichunguza aligundua kwamba weusi wake haukuwa na kasoro. Ulionekana hafifu kwa sababu ya buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Matokeo ya uchunguzi wake juu ya namna rangi zinavyobadilishana sura zikiwa jirani aliyachapisha mwaka 1839, na kwa anayechagua rangi ya ukuta yana maana moja ya moja kwa moja: usiihukumu rangi iliyokoza kwa kijiraba kidogo kilichopakwa katikati ya ukuta mweupe. Weupe unaokizunguka utakionyesha kikiwa cheusi kuliko kitakavyokuwa ukuta mzima ukishapakwa, na huenda ukaikimbia rangi nzuri bure. Paka ubao mkubwa mara mbili, yaani mikono miwili kwa lugha ya mafundi, hadi kwenye kingo zake, kisha uuhamishe ukuta hadi ukuta kwa saa mbalimbali. Usiusahau ukuta wenye dirisha, ambao mchana ndio wenye giza kuliko zote, kwa kuwa haupati mwanga wa moja kwa moja kutoka kwenye dirisha lake.

Kwa upande wa ufundi, mimi ni mtu wa rangi isiyong'aa. Rangi yenye mng'ao ikiwa imekoza hufichua kila alama ya mwiko kwenye plasta, hasa taa ikimulika kwa ubavu, ilhali isiyong'aa huzimeza kasoro hizo. Udhaifu wake ni kwamba mafuta ya mikono huonekana, na sehemu inayosuguliwa mara kwa mara hupata mng'ao wa pekee, kwa hiyo pembeni mwa swichi na milango ni vyema kutumia aina inayoweza kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Fundi aanze na praima, yaani rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, iliyotiwa kijivu, si nyeupe. Rangi zilizokoza huchanganywa bila titani dioksaidi au kwa kiasi kidogo tu, na titani dioksaidi ndiyo unga mweupe unaoipa rangi nyeupe uwezo wake wa kufunika. Ukianzia kwenye weupe, mikono miwili huenda isitoshe. Mikebe yote imiminwe katika ndoo moja na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza, maana tofauti ndogo kati ya mkebe na mkebe itaonekana. Na pakichubuka baadaye, kiraka hakitajificha: ni afadhali kuurudia ukuta wote kutoka kona hadi kona.

Sipendi ukuta mmoja tu uliokoza katika chumba cheupe. Tofauti yake na wenzake ni kali mno, na jicho huuona kama shimo. Ikiwa ni kukoza, zikozwe kuta zote pamoja na milango na mbao za chini ya ukuta, ili mistari inayokikata chumba ipungue na mtu asijue kwa urahisi ukuta unaishia wapi. Hapo ndipo hofu ya chumba kuonekana kidogo hupungua. Dari naliacha jepesi pale tu chumba kinapotegemewa mchana. Kwa sebule ya jioni, hasa yenye dari la chini, rangi ileile ikipanda hadi juu hulifuta lile kunjo la ukuta unapokutana na dari, ambalo hulishusha dari machoni.

Vitu vya mbele ya ukuta huo navyo vichaguliwe kwa weupe au mng'ao wake. Msanii James McNeill Whistler alipokipamba chumba cha kulia cha tajiri mmoja jijini London mwaka 1876 na 1877, alitumia buluu-kijani iliyokoza pamoja na dhahabu, katika chumba kilichokusudiwa kuonyeshea vyombo vya kaure. Leo chumba hicho kimo katika jumba la makumbusho mjini Washington. Shaba, kioo, mbao nyepesi, kitani kisichotiwa rangi na karatasi nyeupe ya picha yote hujitokeza mbele ya giza. Kabati la hudhurungi ya kahawa hupotea, na televisheni iliyozimwa hupotea pia, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa faida.

Kwa kuwa taa ni nyingi na zinakaa chini, kila moja inataka soketi iliyo karibu, na waya uliovutwa katikati ya zulia ni wa kumkwaza mtu. Fundi umeme atangulie basi, achimbe kuta na kuongeza soketi pale taa zitakapokaa, plasta izibwe, ikauke na kupigwa msasa, ndipo fundi rangi aitwe.