Nilivyoiponya kompyuta mpakato iliyokuwa ikizimika kwa joto

Mwezi Oktoba 2025, wakati Dodoma ni kavu, upepo umejaa vumbi na mvua bado hazijafika, kompyuta yangu mpakato ilianza kuzimika yenyewe nikiwa katikati ya kutunga mitihani ya kufunga mwaka ya Kidato cha Kwanza na cha Tatu. Haikutoa onyo lolote. Skrini iligeuka nyeusi, feni ikanyamaza, na nilipogusa upande wa kushoto, mahali pa kutokea hewa, nilikuta pana moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Baada ya robo saa iliwaka tena kana kwamba haikuwa na neno, ikafanya kazi dakika ishirini, kisha ikazimika. Hali hiyo ilidumu wiki tatu, na karibu kila niliyemweleza alinijibu kwa ufupi kwamba ninunue nyingine. Naandika haya kwa sababu ushauri ule uliniudhi, na kwa sababu mashine hiyohiyo ndiyo ninayoandikia sasa.

Ni mashine ya ofisini ya mwaka 2012, yenye prosesa, yaani chipu kuu inayoiendesha, ya Intel Core i5 ya kizazi cha tatu, niliyoinunua ikiwa imetumika mwaka 2018 kwa shilingi laki nne na ushei. Baadaye niliongeza ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikafika GB 8, nikabadilisha na diski ya zamani nikaweka ya SSD, ambayo ni ya kasi zaidi. Kwa kazi ya mwalimu ya kuandika, kupanga alama na kuchapa, sijawahi kuiona ikinielemea.

Kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko la Majengo. Aliiwasha, akaitazama kwa muda mfupi, akasema, "Mwalimu, hii ina virusi, tupige Windows upya." Nililipa kama elfu thelathini. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepoteza fonti zangu na mpangilio wote wa programu ya kuchapia, na usiku huohuo mashine ikazimika kama kawaida yake. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hakuuliza inazimika wakati gani wala hakuweka mkono pale hewa inapotokea. Kompyuta inayozimika ghafla ikiwa ya moto, halafu ikawaka vizuri ikishapoa, karibu kila mara inajilinda: prosesa ikifikia kikomo chake cha joto hukata umeme yenyewe ili isiungue. Kupanga programu upya hakuondoi hata chembe moja ya vumbi.

Jaribio la pili lilikuwa langu mwenyewe. Niliwaza kwamba kama ni vumbi basi dawa yake ni upepo, na upepo mwingi kuliko wote mtaani kwetu uko kwa fundi pancha. Nikaenda na kompyuta kwenye begi. Nilimwomba aelekeze bomba la kompresa kwenye tundu la kutolea hewa, naye akakubali bila swali. Feni ililia mlio mwembamba kama filimbi, vumbi la kijivu likaruka kupitia matundu ya chini, na mimi nikafurahi nikiamini kazi imekwisha. Jioni ile mashine ilifanya kazi saa nzima. Kesho yake pia. Siku ya tatu ikarudia kuzimika, safari hii baada ya dakika kumi na mbili, na feni ikawa inakwaruza kidogo inapoanza kuzunguka.

Baadaye nilielewa makosa yangu yote kwa pamoja. Hewa ya kompresa ya gereji hubeba unyevu na pengine mafuta, vitu visivyofaa kuingia kwenye saketi. Feni ikizungushwa na upepo mkali hupita kasi iliyoundiwa, hivyo ekseli yake huumia. Mtu akilazimika kupuliza, aizuie kwanza kwa kijiti cha meno. Kubwa zaidi ni kwamba vumbi haliketi pale tunapoliona kwa nje. Hujisuka kama kitambaa upande wa ndani, kati ya feni na vibati vyembamba vya shaba vinavyopoza. Ukipuliza kutoka nje unakisukuma kitambaa hicho kuelekea kwenye feni, kisha feni inakirudisha taratibu palepale, tena kikiwa kimeshikana zaidi.

Mpwa wangu, anayesoma chuo hapahapa mjini, ndiye aliyenizuia nilipotaka kwenda dukani kununua nyingine. Alisema, "Shikamoo, mjomba. Kabla hujatoa hela, tupime kwanza." Aliweka programu ya bure iitwayo HWiNFO inayoonyesha joto la kila sehemu. Mashine ikiwa imekaa tu bila kazi, prosesa ilisoma nyuzi 79. Tulipofungua video na faili la alama kwa wakati mmoja ilipanda hadi 101, na prosesa ambayo kawaida hufikia GHz 3.3 ikajishusha hadi 1.2 ili ipunguze moto. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 105. Kupotea kwa wepesi wake kwa miezi mingi, ambako mimi nilikudhani ni uzee, kulikuwa ni mashine kujibana isiungue.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau kwa urahisi wake. Alichana kipande chembamba cha karatasi ya chooni, akakishika mbele ya tundu la hewa huku feni ikinguruma kwa nguvu zake zote. Karatasi haikutikisika. Feni inazunguka, sauti ipo, lakini hewa haitoki! Jaribio hilo halikugharimu kitu, na lilitueleza ugonjwa ulipo kabla hatujagusa skrubu hata moja.

Tulitoa betri, tukafungua kava la chini, tukafika kwenye feni. Kile kitambaa cha vumbi nilikivua kwa koleo dogo la nyusi kikatoka kizima, kinene kama kipande cha blanketi, kikiwa na nywele na nyuzi za pamba ndani yake. Kama umezoea kuweka kompyuta juu ya kitanda, nyuzi hizo ni za shuka lako. Chini ya kipozeo, yaani shaba inayolala juu ya prosesa na kuondoa joto lake, pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka ikawa kama chaki, inabanduka kwa ukucha. Niliifuta kwa pamba na spiriti kutoka duka la dawa, nikangoja pakauke kabisa, nikaweka pesti mpya. Mara ya kwanza niliipaka nyingi kama siagi kwenye mkate, mpwa wangu akanifutisha yote na kunielekeza niweke tone moja la ukubwa wa punje ya choroko, kipozeo chenyewe kikalitandaze. Skrubu zake hukazwa kwa mkingamo na kidogokidogo, la sivyo upande mmoja hunyanyuka. Bomba dogo la pesti lilikuwa elfu kumi na kitu, na nimebaki na nusu yake.

Tulipoiwasha, nyuzi zilikuwa 49 bila kazi, na 78 tulipoibebesha kazi nzito. Karatasi ilipepea.

Hila ya mwisho niliijua wiki iliyofuata. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, pale pa kiwango cha juu cha prosesa, nilishusha kutoka asilimia 100 hadi 99. Tofauti ya moja inaonekana ndogo, lakini inaifanya prosesa isiruke juu ya kasi yake ya msingi, na kwangu iliondoa nyuzi kama kumi wakati wa mchana mkali. Kwa kuandika mtihani sioni upungufu wowote. Mtu ambaye hana pesti wala bisibisi angeweza kuanzia hapo ili amalize kazi iliyo mbele yake.

Hapo ndipo lilipobaki swali la kununua nyingine, na sikutaka kulijibu kwa woga wala kwa mapenzi ya mashine. Joto halikuwa sababu tena. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambavyo mashine yangu haina. Hata hivyo, kuna mpango wa kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, nami nilijiunga nao bila malipo kwa kukubali mipangilio yangu ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Kompyuta iliyotumika ya kizazi cha nane niliyoulizia hapa mjini ilikuwa kama laki sita na nusu. Feni mpya ya mashine yangu, kama hii inayokwaruza itakufa, ilikuwa haifiki elfu arobaini.

Kwa hiyo nimeamua hivi: kila mwezi naweka elfu hamsini na tano kando, ili Oktoba 2026 ikinikuta nina fedha mkononi, ninunue kwa kuchagua badala ya kununua kwa kukurupuka. Hii ya zamani nitaiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, niwaachie wanangu wajifunzie kuchapa. Lakini ubao wake mama, yaani saketi kuu, ukifa kabla ya hapo sitautengeneza, kwa sababu bei ya ubao na ufundi ingekula nusu ya mashine nyingine.

Mitihani yote miwili niliichapa siku mbili kabla ya tarehe iliyopangwa. Sasa kila likizo ninafungua kava la chini na kusafisha kwa brashi laini, na kompyuta inakaa juu ya meza yenye vibao viwili vidogo chini yake ili ivute hewa. Kile kipande cha karatasi bado kimo kwenye begi lake.