Chupa ya zambarau nusura iniponze

Ng'ombe alikuwa chotara wa Friesian, aliyezaa mara mbili, wa mama mmoja huku Rungwe. Mapele magumu saizi ya goroli yalimjaa kuanzia shingoni mpaka kwenye chuchu, na kipimajoto kilisoma 41. Mapele ngozi, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, sikuwa na shaka. Damu niliipeleka maabara kwa sababu nyingine: hakuwa amekula siku nne, nikataka kujua ini na misuli vimeumia kiasi gani kabla mama hajaendelea kutoa hela ya dawa.

Majibu yalinitoa jasho. Kalisiamu 0.4, wakati ng'ombe mzima huwa na 2 na ushei. Potasiamu 16! Nikabeba dripu ya kalisiamu, nikawasha pikipiki. Nafika, mgonjwa amesimama, anacheua.

"Dokta, leo ameonja majani," mama ananiambia.

Mwenye kalisiamu ile angekuwa chini, shingo imepindia ubavuni. Mwenye potasiamu ile tungekuwa tunamchimbia shimo.

Ndipo nikakumbuka. Siku ya kutoa damu, chupa ya kifuniko chekundu haikujaa, nami nikajazia kutoka kwenye ya zambarau. Dawa ya EDTA iliyomo humo huikamata kalisiamu ili damu isigande, na yenyewe ni chumvi ya potasiamu. Maabara walipima nilichowapelekea. Dripu ile, ningeiingiza kwa pupa, ingeweza kuusimamisha moyo wa ng'ombe asiyeihitaji.

Nikatoa damu upya: chupa nyekundu peke yake, ikaganda kivulini, serumu, yale maji ya damu yaliyojitenga, nikaiweka kwenye boksi la barafu. Safari hii namba zilifanana na ng'ombe niliyemwona. Kwenye protini za damu, albumini chini, globulini juu, maana ini lilikuwa limepunguza kutengeneza albumini likahangaika na protini za kupambana na uvimbe. Kalisiamu ilipungua kidogo tu, na hilo lilitarajiwa, kwa kuwa karibu nusu yake husafiri imeshikamana na albumini. AST, kimeng'enya kinachovuja ini au misuli ikiumia, ilipanda, lakini CK, ambayo ni ya misuli, ilipanda pamoja nayo, kwa hiyo nikaishuku misuli kuliko ini. Miguu ya mbele ilikuwa imevimba na alishinda amelala.

Virusi hivi havina dawa. Nilimpa sindano ya maumivu na ya kuzuia vidonda visioze, tukapulizia banda dawa ya nzi, mama akawa anamkatia majani mabichi na kumsogezea maji mdomoni. Maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita 11 hadi 3. Mwezi wa pili tangu augue alifika lita 7, akaishia hapo.